Mkono wa Shangazi Ndeshi

Soweto, Moshi
Ijumaa, mchana

Mwanangu Aika,

Wewe na mama yako mmepanda Machame kumuaga bibi, na mimi nimebaki hapa nyumbani na mbuzi aliyechinjwa asubuhi, ndizi za mtori na moto wa kuni. Mbuzi mwenyewe alikuwa amekula chumvi nyingi, nyama yake ni ngumu na haitaiva upesi. Kwa hiyo nimekaa uani kwenye kigoda changu, kalamu mkononi na mwiko magotini. Ukikuta doa la mafuta kwenye karatasi hii, usishangae.

Mambo ya shuka, ndala, chandarua na kufunga begi kwa kufuli mama yako ameyasema tangu juzi, na kesho atayasema tena mpaka basi liondoke. Ya kusali utaambiwa na bibi. Ya wavulana nadhani utaambiwa na wote wawili huko huko Machame, nami nashukuru sitakuwepo. Mimi nitakuandikia juu ya kula. Utacheka, utasema baba yako hata barua anaipika. Cheka tu, lakini soma mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua. Nimewapikia wageni mlimani tangu kabla hujazaliwa. Kule juu chakula hupoa kabla hujakaa vizuri, na maji yanachemka vizuri tu lakini maharage hayaivi. Wageni wakishahudumiwa, sisi wapishi na wapagazi tunakula tumesimama, matonge makubwa, haraka, kisha tunaosha vyombo kwa maji yanayouma vidole. Tabia hiyo nilikuwa nikishuka nayo mpaka nyumbani. "Kula, Aika, chakula kikipoa si chako tena." Unakumbuka? Ulikuwa mdogo bado, ukijaza mashavu ili unifurahishe, nami nikijisifu kwa mama yako kwamba huyu mtoto anaheshimu chakula cha baba yake. Kumbe nilikuwa nakufundisha kumeza bila kutafuna.

Tena kuna jambo jingine la kazi ile. Mgeni akifika juu sana hamu ya kula inamwisha, na asipokula hafiki kileleni. Basi mpishi anayejua kazi haangalii sahani ya mgeni, anamwangalia usoni. Mimi nilikuwa namtambua atakayetapika kabla hajashika kijiko. Waongozaji walikuwa wakinisifu, wanasema nina jicho. Jicho lenyewe nilikuwa naliacha kwenye lango la mlima pamoja na viatu vya mvua. Nyumbani niliangalia sahani tu, kama imeisha au haijaisha. Hilo ndilo ninalotaka kukuandikia, mwanangu, kwa sababu limetugharimu sana, na aliyelipa zaidi si mimi.

Kipaimara chako wewe unakikumbuka mpaka pale ulipoanguka. Acha nikusimulie nilichokiona mimi.

Turubai lilikuwa limefungwa kwa bibi, mbele ya nyumba, migomba imeinamisha majani juu yake. Ndafu, yule mbuzi mzima wa sherehe, niliichoma mwenyewe. Nilikaa nayo kwenye moto tangu jogoo la kwanza, nikawa namfukuza kila aliyetaka kunisaidia, na ilipobebwa mezani imesimama, majani mabichi mdomoni, watu walipiga vigelegele nikajiona nimefika kileleni bila kupanda. Wewe ulivaa gauni jeupe. Ukamlisha bibi, ukamlisha mama yako, ukanilisha mimi. Halafu mshereheshaji akamwita shangazi yako Ndeshi, dada yangu mkubwa, aje akulishe kwa niaba ya ukoo.

Dada yangu hajui kukata kidogo. Alikata kipande cha paja, kikubwa, akakiweka mdomoni mwako kwa mkono wake, na watu wakaanza kupiga makofi wakisubiri umalize. Ukatafuna mara mbili tatu, ukaona aibu ya watu wote kukusubiri, ukameza. Kikakukwama. Mimi nilikuwa pembeni na soda. Nilikuwa nimepandisha mabonge ya barafu kutoka mjini, beseni zima, kwa sababu tulitegemea wageni kutoka Dar na sikutaka waende wakasema watu wa Machame wanakunywa soda ya moto. Nikafungua moja, baridi ya kuuma meno, nikakupa. Ukainywa kwa pupa ili nyama ishuke.

Hapo nilipaswa kukuangalia. Nilikuwa naangalia chupa inayofuata.

Nilisikia makofi yakikatika. Nilipogeuka ulikuwa tayari mikononi mwa Ndeshi. Alikudaka kabla kichwa hakijafika kwenye mafiga, na katika kukudaka, mkono wake wa kushoto uliingia kwenye supu iliyokuwa ikichemka pale nyuma. Hakukuachia. Alikulaza chini kwanza, taratibu, akakugeuza ubavu, akakutoa kipande kilichobaki shavuni, ndipo akapiga kelele. Uso wako ulikuwa na rangi ya majivu. Mama yako alikuwa analia jina lako, bibi anasali, na mimi nimesimama na kifungulio cha soda. Muda si mrefu ukafumbua macho, ukatuuliza, "Mbona mnalia?"

Na hapo, Aika, mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa Kichagga, wala hakuishusha sauti, "Mwangalieni kucha zake huyo shangazi."

Unajua kwetu. Mtu akimpa mwenzake pombe anaonja yeye kwanza, ili mwenzake aone kwamba haina kitu. Na watu wanaamini kwamba mwenye nia mbaya huficha sumu chini ya ukucha. Sasa kila mtu pale alijua kwamba mimi na Ndeshi tulikuwa hatuelewani juu ya kihamba, shamba la ukoo. Mimi kitinda mimba niliachiwa nyumba na shamba la juu, yeye aliporudi kutoka kwa mume wake bibi akampa sehemu ya chini, na tangu hapo tulikuwa tukibishania mstari wa masale unaotenganisha kahawa yake na yangu. Masale yenyewe yalikuwa yamepandwa na babu yako kwa kukadiria tu, hayajanyooka hata kidogo. Lakini ugomvi ukishakuwepo, neno kama lile linapata kiti cha kukalia.

Sikumtukana. Ningemtukana ingekuwa afadhali. Nilichofanya ni kuokota kile kipande ulichokuwa umetolewa mdomoni, nikakata jani la mgomba, nikakifunga vizuri kama ninavyofunga chakula cha safari, nikasema nakipeleka hospitali kikapimwe. Watu wote waliona. Ndeshi alikuwa ameinama, mkono wake uliobabuka ameutumbukiza kwenye beseni langu la barafu. Alinitazama nikifunga lile jani. Akasema, "Baba Aika, nyama hiyo na mimi nimeila." Nikakaza fundo la jani.

Kule hospitali nesi alifungua jani, akanusa, akaniuliza, "Baba, hii nyama ni ya nini?" Nikamwambia ipimwe. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mgonjwa ndiye wa kupimwa." Wakakupima damu, wakakupima presha, wakasema huenda ni njaa na uchovu kwa sababu ulikuwa hujala tangu asubuhi ya ibada, wakakupa vidonge vya kuongeza damu. Jani langu nilirudi nalo. Nilimpa mbwa wa jirani, akala, akalamba na jani, akalala salama salimini. Hata hivyo sikwenda kumwambia dada yangu. Nilijiambia mbwa na mtu ni tofauti.

Halafu ukaanguka shuleni. Wewe unayajua vizuri kuliko mimi ya pale bwaloni, chakula cha mchana, maji ya baridi ya kukimbilia kipindi, na yule mlezi wa bweni aliyeamua kwamba msichana akizimia basi ana mimba, akakupeleka ukapimwe huku wenzako wakichungulia dirishani. Uliporudi likizo hukulia. Ulikaa jikoni ukinisaidia kumenya ndizi, ukaniambia, "Baba, sio nyama, na wala sio damu. Ni kumeza. Nikimeza kitu kikubwa au cha baridi, kuna kitu kinasimama hapa." Ukajishika kifuani.

Nikakujibu, "Kila mtu anameza, Aika."

Nakushukuru kwa sababu hukuniacha. Mtoto mwingine angejibiwa hivyo akanyamaza. Wewe ulirudia, tena na tena, kwa mama yako, kwangu, kwa mchungaji aliyekuja kukuombea. Mchungaji alimaliza kuomba ukamwambia asante, halafu ukamwambia na yeye kwamba ni kumeza. Nilitaka kucheka nikajizuia. Mpaka msimu wa mvua ukafika, wageni wakapungua mlimani, nami nikakaa nyumbani, na siku moja mchana tukala ugali na maharage sisi watatu. Ulikwenda kwenye friji ukachukua maji. Sijui kwa nini siku hiyo niliinua uso. Labda nilikuwa nimeshachoka kuyakataa maneno yako. Nilikuangalia kama ninavyomwangalia mgeni kule juu. Ulikunywa, ukameza, na macho yako yakaondoka kabla hujaondoka wewe. Nilikudaka mimi. Ugali ulimwagika wote, na sikujali, na kwa mpishi hilo si jambo dogo.

Daktari yule mama, Mungu ambariki popote alipo, alituuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza. "Anaanguka kabla ya kula, wakati anakula, au akishamaliza?" Kama angeuliza baada ya kipaimara, watu wote waliojaa lile turubai wasingeweza kumjibu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sahani yake. Lakini siku hiyo nilimjibu. Nikamwambia, "Palepale anapomeza. Mimi nilikuwa namwangalia." Akaweka kalamu chini, akanisikiliza vizuri.

Unakumbuka alivyokubandika zile nyaya kifuani, akakuambia unywe maji ya kawaida, mstari ukaenda kama kawaida. Akakupa ya baridi. Mimi na mama yako tulikuwa tumesimama nyuma yako, tukaona ule mstari wa moyo wako unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, halafu ukanyooka. Sijawahi kuona kitu kirefu kama ule mstari ulionyooka. Halafu ukaruka tena. Mama yako aliniumiza mkono kwa jinsi alivyonishika.

Akatueleza kwamba kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye umio, njia ya chakula, na mshipa huohuo unaongea na moyo. Kwa watu wachache, umio ukitanuka kwa tonge kubwa au ukishtuliwa na baridi au gesi ya soda, mshipa unauambia moyo upunguze mwendo, na moyo mtiifu unasimama kabisa kidogo. Damu haifiki kichwani, mtu anaanguka. Wengine huwekewa kifaa kidogo kifuani cha kuukumbusha moyo kazi yake. Kwako akasema tujaribu kwanza kuacha vya baridi na soda, tonge dogo, kutafuna, kutokuwa na haraka, na kuja kliniki bila kukosa. Hali ikizidi, kifaa kipo. Nilimuuliza kama ina maana kila anayeanguka mezani ana ugonjwa huo, ili nikawaambie watu. Akacheka, akanikataza. Akasema mzee anaweza kuzimia baada ya sahani kubwa kwa sababu presha yake inashuka, hasa kama anameza dawa za presha. Mwenye kisukari akichoma sindano akachelewa kula, naye anaanguka. Kuna aliyepungukiwa damu, kuna mwenye moyo wenye ugonjwa wake mwenyewe, kuna mwenye kifafa. Na kuna aliyekabwa na chakula, huyo hata kuongea hawezi na hasubiri daktari, anapigwa mgongoni palepale. "Ndiyo maana nauliza kwanza," akasema, "ndipo niseme."

Njiani kurudi nyumbani mlikuwa mnafurahi, wewe na mama yako, kwa sababu ugonjwa umepata jina. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Mkafikiri nimechoka. Nilikuwa nafikiri juu ya barafu. Kile kipande cha nyama kilikuwa kikubwa, sawa, lakini aliyekifuatishia baridi ni mimi. Kilichokuangusha siku ile kilitoka mkononi mwangu, nikabeba jani la mgomba kumshtaki dada yangu mbele ya ukoo, na yeye ameungua kwa kukuokoa.

Kesho yake nilipanda Machame. Kwetu mtu akitaka kuomba msamaha wa jambo zito anapeleka jani la isale, na anayepelekewa hawezi kulikataa. Nilipitia shambani, nikavunja isale kwenye ule ule mstari wetu, nikashuka nalo mpaka mlangoni kwake. Nilimwamkia shikamoo, nikalitoa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakapotea yote. Nikasema tu, "Dada, ilikuwa ni soda yangu."

Akaligeuza lile jani, akalitazama, akasema, "Hata kuomba msamaha, umekuja kuvunja isale la upande wangu."

Tulicheka mpaka tukalia, au tulilia mpaka tukacheka, sikumbuki vizuri. Alinisamehe palepale. Akanikaangia ndizi, akaniuliza habari za moyo wako hatua kwa hatua. Namshukuru Mungu kwa dada wa namna ile, na nasema hivyo bila aibu. Lakini jani la isale lina mwisho wake. Tangu kipaimara chako, Ndeshi hajamlisha mtu kwa mkono wake. Wewe labda hukuona, ulikuwa shule. Kwenye harusi akiitwa mbele kumlisha bibi harusi anasema mgongo unamuuma, anamsukuma mwingine. Mtoto wa jirani akimwomba kipande, anamwekea kwenye sahani na kusukuma sahani. Nilimwambia dada, watu wameshajua ukweli. Akaniambia, "Wao wamejua. Mkono ndio haujajua." Kila ninapoliona lile kovu linalomeremeta kwenye mkono wake wa kushoto, naona na huo wa kulia, ambao hauna kovu lolote na ndio ulioumia zaidi.

Sasa nakuja kwako. Mama yako ameniambia kwamba umepanga kutomweleza mtu yeyote huko Tabora. Unataka uwe mwanafunzi kama wengine, ujifunze kupima ardhi, upite bila kuonyeshwa kidole. Nimelifikiria hilo tangu jana huku nakatakata ndizi, na nimeona sina haki ya kukulaumu. Baada ya ule mlezi wa bweni hata mimi ningeficha. Lakini Tabora ni joto, Aika. Watu wa kule wanakunywa vitu vya baridi kama sisi tunavyokunywa chai. Siku moja utasahau, au utaona aibu kukataa, utameza, na watakaokuzunguka hawatajua kitu. Watasema umelewa. Watasema mimba. Watakumwagia maji, watakupa soda ili upate nguvu, watakupa kilekile kilichokuangusha. Na baadaye watatafuta nani alikupa chakula, na mtu asiye na kosa atakuwa Ndeshi wao.

Sikuombi utangaze darasani. Nakuomba mtu mmoja. Mmoja tu wa kukuangalia usoni unapokula, ajue kukulaza chini na kukugeuza ubavu, na asiokote kipande cha nyama. Ukiniuliza nani, mimi ningesema Rehema. Wazazi wake ni jirani zetu wema, mnaenda naye chuo kimoja, mtakaa naye kwenye basi kesho siku nzima mkila mahindi ya kuchoma dirishani. Hajui kitu, kwa sababu wao walihamia hapa mambo haya yakiwa yameshapita. Nimemwalika leo jioni aje na mama yake. Lakini mdomo ni wako, mimi sitamwambia.

Na Ndeshi pia nimemwalika. Amesema atakuja, ila nisiandae mambo ya kulishana. Nimemjibu sawa.

Kuna watu wanaokaa na watoto wao miaka yote bila kuambiwa kwamba moyo unaweza kusimama katikati ya chakula ukaanza tena wenyewe. Mimi nimeuona ukianza. Tangu siku ile, kila unapomaliza kula ukasukuma sahani na kusema "asante baba", nashukuru kimoyomoyo kuliko ninavyoshukuru kanisani, na naomba mchungaji asiione barua hii. Bibi yako alipokupa jina la Aika alikuwa anasema asante kwa Kichagga. Mimi nilikuwa naitikia tu bila kujua ni ya nini. Sasa najua.

Nasikia sauti zenu njiani. Nyama imeiva. Naificha barua hii chini ya ndizi nisije nikaulizwa.

Jumamosi, alfajiri

Nilidhani nimemaliza. Unaoga, mama yako anafunga begi lako kwa mara ya tatu, nami nimeitoa barua ili niongeze haya, kwa sababu jana ulikuwepo lakini hukuona ulichofanya.

Tulikuwa tumekaa wote. Mtori umeshanywewa, nyama iko kwenye sinia, kila mtu anajichukulia. Ndeshi alikuwa amekaa mbali na sinia makusudi, mkono wa kulia ameukalia. Ukainuka, ukaenda na sinia na kisu mpaka alipo, ukapiga magoti mbele yake. Ulifumbua mdomo, ukasubiri.

Shangazi yako akasema, "Mae, mama yangu, usinifanyie hivyo."

Wewe ukabaki umefumbua mdomo, kama kifaranga. Mama yako akaacha kutafuna. Mimi nikaacha kupumua. Ndeshi akautoa mkono, akachukua kisu. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake dada yangu akakata kidogo. Akakigawa kile kidogo mara mbili. Nusu akaila yeye kwanza, akakuonyesha ulimi kwamba imeshuka. Nusu akaiweka mdomoni mwako.

Ukatafuna. Ulitafuna mpaka nikaona aibu kwa niaba ya jiko langu. Nilikuangalia usoni, na nilipochungulia pembeni nikaona Ndeshi naye anakuangalia usoni, na mama yako, na mbali kidogo Rehema anatuangalia sisi sote kwa zamu, hajui kuna nini.

"Mbona mmenyamaza hivyo?" akauliza Rehema.

Ukameza. Ukakaa kidogo. Ukageuka, ukiwa bado umepiga magoti, mkono wako juu ya lile kovu, ukamwambia, "Moyo wangu huwa unasimama nikimeza vibaya. Njoo ukae hapa nikueleze, maana kesho ni wewe utakayeniangalia." Na Rehema akahama na kigoda chake.

Basi, mwanangu. Nilikuwa na nasaha nyingine za kuandika, sizioni tena. Nenda. Kapime ardhi za watu, na ukirudi utupimie na ule mstari wetu, ingawa Ndeshi jana wakati anaondoka ameniambia masale yabaki yalivyo.

Jambo moja tu siwezi kuliacha liondoke na basi. Ulipomaliza kumeza, kabla hujamjibu Rehema, ulimnong'oneza shangazi yako kitu, naye akaangua kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu kipaimara chako. Nimemuuliza, ameniambia. Umesema chumvi imezidi.

Aika, chumvi ilikuwa sawa. Niliionja mwenyewe.

Baba yako anayekuangalia